Sanduku la Posta na Barua za Pwani ya Kilwa

Waswahili husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Msemo huu huwasifu watu wawili, mwandishi na msomaji, bali humsahau wa tatu aliye kati yao, yaani yule auchukuaye waraka kutoka mkono mmoja hata mkono mwingine. Historia ya pwani ya Kilwa na Lindi yaweza kutazamwa upya kwa kumfuata huyo wa tatu. Kwa karne nyingi alikuwa mtu: nahodha, mtumishi, mchuuzi, ndugu asafiriye. Baadaye akawa kitu: kasha la chuma lenye mdomo mwembamba, lililosimamishwa njiani au kutiwa ukutani, na kijisanduku chenye namba na ufunguo katika ofisi ya posta. Insha hii yaeleza jinsi mtu alivyokiachia kitu nafasi yake, ni lipi lililopatikana na ni lipi lililopotea, na kwa nini sanduku hilo la zamani lingali likitumika hata leo, ilhali dola zilizolileta zimekwisha ondoka.

Ushahidi mkongwe wa habari hii watoka Kilwa kwenyewe. Barua zilizoandikwa mwaka 1711 na watu wa nyumba ya ufalme ya Kilwa, kwa hati za Kiarabu, huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Miongoni mwa waliozitoa alikuwa mwanamke, Mfalme Fatima binti Muhammad. Barua hizo zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa marafiki zao wa pwani, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, Bara Hindi. Yafaa msomaji atie maanani sababu ya kudumu kwake. Hazikudumu kwa kuwa Kilwa ilikuwa na ghala ya karatasi. Zilidumu kwa kuwa ziliingia mikononi mwa dola iliyokuwa na desturi ya kuweka kila karatasi iliyoipata. Jambo hili litaonekana tena na tena katika habari hii. Barua za pwani zinazojulikana na wanahistoria aghalabu ni zile zilizoangukia katika kabati la serikali.

Katika zama hizo hapakuwa na siku ya posta. Palikuwa na msimu. Kusi ilipovuma, vyombo vilitweka tanga kwenda kaskazini, Mafia na Unguja na kupita. Kaskazi ilipoanza, ndipo habari za Unguja na za Uarabuni ziliposhuka kusini. Mwenye barua alingojea chombo, akamtafuta nahodha au abiria amjuaye, akampa karatasi iliyokunjwa pamoja na maneno ya kinywa: mpe fulani, nyumba yake ni nyuma ya msikiti, asipokuwapo mpe mama yake, usimpe mtu mwingine ila huyo. Kwa hiyo maandishi ya juu ya barua yaweza kuwa machache, maana nusu ya anwani ilikuwa katika kichwa cha mchukuzi. Yeye alijua njia, alijua jina la baba wa mpelekewa, na pengine alijua yaliyomo ndani, akaweza kuyafafanua yakitiliwa shaka. Jibu likihitajika, alingojea akarudi nalo.

Mchukuzi wa namna hii alikuwa na heshima yake. Methali yasema mjumbe hauawi, na maana yake ni kwamba achukuaye neno hana dhambi ya neno lenyewe. Lakini heshima hiyo haikuondoa hatari. Mtu huugua njiani, huzama, husahau, hufungua asichopewa ruhusa kufungua. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Kiislamu watu walikuwa na mazoea ya kuandika juu ya barua tarakimu nne, 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa hesabu ya herufi za Kiarabu hufanya neno buduhu, wakiamini kwamba zitailinda barua mpaka ifike. Tarakimu hizo zaonyesha vema hali ya mwandishi wa zamani: alimwamini mchukuzi wake kwa sababu alimjua, na hofu iliyobaki aliikabidhi kwa Mungu. Hapakuwa na wa tatu wa kuaminiwa.

Wa tatu huyo alizuka mbali, katika visiwa ambavyo shida yake haikuwa mbali na shida ya Kilwa. Visiwa vya Jersey na Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipata barua zake kwa meli ambazo saa za kuja na kuondoka zilitegemea maji kujaa na kupwa na hali ya hewa. Mtu mwenye barua alilazimika kwenda mpaka ofisi ya posta mjini, akibahatisha kama meli ingalipo. Mwaka 1851 ofisi ya posta ya Uingereza ilimtuma huko mtumishi wake, Anthony Trollope, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. Shauri alilolitoa ni kusimamisha nguzo za chuma barabarani ambamo watu wangetia barua zilizokwisha lipiwa kwa stampu, na mtumishi wa posta angepita kuzikusanya kabla ya meli kung'oa nanga. Nguzo za kwanza zilisimamishwa Jersey mwezi Novemba mwaka 1852, na za Guernsey zikafuata mwezi Februari mwaka 1853. Moja ya hizo za Guernsey, iliyo katika mtaa wa Union Street, St Peter Port, ingali ikipokea barua mpaka leo. Uingereza penyewe pana masanduku mengi ya karne ya 19 ambayo hufunguliwa kila siku ya kazi. Rangi yake ilikuwa kijani hapo mwanzo. Kuanzia mwaka 1874 yakapakwa nyekundu ili yaonekane kwa urahisi.

Maarifa ya Trollope yalikuwa madogo kwa umbo na makubwa kwa maana. Zamani mtu alikingojea chombo. Sasa barua ilikingojea chombo, na mtu akaenda zake. Lakini ili jambo hili liwezekane, mambo matatu yalipasa yatangulie. La kwanza, malipo yalipwe na mpelekaji kabla ya safari, kama yalivyohimizwa Uingereza mwaka 1840 kwa shauri la Rowland Hill aliyeleta stampu. La pili, jina na mahali pa mpelekewa viandikwe kwa namna ambayo mtu asiyemjua hata kidogo aweza kuvisoma na kuvifuata. Mjumbe huambiwa, bali sanduku haliambiwi. Halina masikio, lina mdomo tu. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, mtu akubali kuitia siri yake katika kasha la serikali, akaondoka bila kumwona yeyote, akaamini kwamba haitasomwa wala haitatupwa. Sanduku la barua ni ahadi iliyosimamishwa njiani. Na ahadi ni deni.

Ahadi hiyo ilifika katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa lugha nyingi kwa mara moja. Posta ya Kihindi ilifunguliwa Unguja mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena mwaka 1875 na kudumu mpaka 1895. Wafaransa nao wakafungua yao mwaka 1889, wakaifunga mwaka 1904. Wajerumani walikuwa na yao tangu Agosti 1890 mpaka Julai 1891. Basi kwa muda wa karibu mwaka mmoja mji wa Unguja ulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, kila moja ikiuza stampu za nchi yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Sultani mwenye mji. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyekuwa na barua ya kwenda Bombay au Marseille alihitaji kwanza mtu wa kumfikishia barua Unguja. Mjumbe wa zamani hakuondoka mara moja. Alifupishiwa safari tu, akawa mchukuzi wa kufikisha barua mpaka kwenye mdomo wa sanduku.

Pwani ya bara ilipata posta yake baada ya Wajerumani kuishika. Bagamoyo na Dar es Salaam zilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka 1890, na katika miaka iliyofuata posta zikaenea katika miji mingine ya pwani, pamoja na Kilwa, yaani Kilwa Kivinje, na Lindi. Kivinje wakati huo ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya nchi ile, mwisho wa njia za misafara ya pembe na ya watumwa kutoka nchi ya Wayao na ziwa Nyasa. Mwaka 1893 stampu za Kijerumani zikapigwa chapa ya thamani ya pesa za huku, tangu pesa 2 mpaka pesa 25, pesa 64 zikiwa rupia moja.

Hapa pana tofauti moja ndogo ambayo yastahili kufikiriwa na wanafunzi wa lugha. Pesa za shaba zilizotolewa na kampuni ya Kijerumani kuanzia mwaka 1890 zilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja, ili mtu wa pwani azisome na kuzikubali sokoni. Stampu zilizotajwa thamani yake kwa pesa hizo hizo hazikuwa na herufi hata moja ya Kiarabu. Sarafu ilisema na mnunuzi wa samaki. Stampu ilisema na karani. Na kwa kuwa sanduku halina masikio, jina la juu ya bahasha nalo lilipasa kuandikwa kwa herufi ambazo karani alizijua. Ndani ya barua Mswahili aliweza kuendelea kuandika kwa hati za wazee wake, na wengi waliendelea hivyo kwa miaka mingi; lakini nje ya barua, mahali pa kusomwa na mgeni, herufi za Kizungu zilianza kutawala. Yasemwapo kwamba hati za Kiarabu zilishindwa na shule, ni kweli, bali shule haikuwa peke yake. Bahasha pia ilifundisha.

Kuhusu ahadi ya siri, watu wa kusini walikuwa na sababu za kuitilia shaka. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda wa Makonde nyuma ya Lindi, alimwandikia Hermann von Wissmann kwa Kiswahili akikataa kuja pwani kujitiisha chini ya Wajerumani. Barua ile ilikuwa ya wazi, ya mtu mzima kwa adui yake, na imebaki kuwa mojawapo ya nyaraka mashuhuri za upinzani katika nchi hii. Machemba alidumu katika msimamo wake mpaka mwaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Namna nyingine ni habari ya Hassan bin Omari, ajulikanaye kwa jina la Makunganya, aliyepigana na Wajerumani katika nchi ya nyuma ya Kilwa. Alipokamatwa mwaka 1895, barua zilizokutwa kwake zilitumiwa kuwafichua wenzake waliokuwa mjini. Akanyongwa Kilwa Kivinje mwezi Novemba mwaka ule ule, na mahali pale pa mwembe pakaitwa Mwembe Kinyonga. Watu wa Kilwa walijifunza kwa uchungu kwamba karatasi yaweza kumfikisha mwandishi wake kwenye kitanzi.

Basi si ajabu kwamba miaka kumi baadaye, habari iliyoitikisa nchi yote ya kusini haikupita katika karatasi. Vita vya Majimaji vilipoanza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai mwaka 1905, wito wake ulikuwa umekwisha enea kwa njia ya njwiywila, yaani habari za siri zinenwazo kwa kinywa baina ya watu waaminianao. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa nchi hiyo katika miaka ya 1960, ameieleza njia hii kwa urefu. Tingi na vijiji vya jirani yake katika wilaya ya Kilwa viko katika nchi hiyo hiyo iliyo kati ya milima ya Umatumbi na bahari. Ilikuwa nchi yenye posta Kivinje, na yenye boma karibu na posta hiyo. Lakini neno zito kuliko yote halikutiwa sandukuni. Lilichukuliwa na mtu amjuaye mtu, kama desturi ya zamani, na likafika upesi kuliko serikali ilivyodhani.

Waingereza walipoishika nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walianza kwa kupiga chapa juu ya stampu za Afrika ya Mashariki na Uganda, kisha mwaka 1922 wakatoa stampu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na tangu 1935 majina ya nchi tatu yakakaa pamoja katika stampu moja. Katika utawala huo desturi mbili za sanduku zilizoea mahali: kasha la kutilia barua, ambalo katika miji midogo ya pwani aghalabu liko katika ukuta au kizingiti cha ofisi ya posta yenyewe, na sanduku la kukodi lenye namba. La kwanza ni mdomo na la pili ni mkono. Na ni hili la pili, liandikwalo S.L.P. juu ya kila bahasha ya Tanzania, lililokuwa na maisha marefu na maana kubwa katika nchi hii.

Sababu yake ni rahisi. Huko Jersey sanduku la barabarani lilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa tarishi apitaye mlango kwa mlango, akisoma jina la mtaa na namba ya nyumba. Katika miji na vijiji vya Tanganyika nyumba zilijulikana kwa wenyewe, si kwa namba, na serikali ya kikoloni haikuwa na nia ya kulipa matarishi wa kutosha kuwafikia watu wote. Kwa hiyo amri iligeuzwa: badala ya posta kumfuata mtu, mtu aliifuata posta. Aliyekuwa na uwezo alikodi sanduku, akapewa ufunguo. Asiyekuwa na uwezo aliazima namba ya mwingine.

Katika kuazima huku ndimo mtu wa tatu, yule mchukuzi wa kale, aliporudi kwa mlango wa nyuma. Barua ya kwenda kijiji cha upande wa Tingi haikuandikwa jina la mpelekewa peke yake. Iliandikwa jina lake, kupitia kwa mwalimu mkuu, au kupitia kwa ofisi ya kijiji, au kwa mwenye duka fulani, kisha namba ya sanduku, kisha Kilwa. Mwalimu aliyekwenda mjini kuchukua mshahara alirudi na furushi la barua. Jina likasomwa mbele ya wanafunzi mstarini, na mtoto akapewa barua ya babu yake. Mwenye duka aliziweka karibu na mizani, na mtu aliyekuja kununua chumvi akaambiwa, una waraka wako hapa. Dereva wa lori naye hakukataa bahasha iliyonyooshwa dirishani. Huo mfumo wa serikali uliomalizikia kwenye ukuta wa posta uliendelezwa na watu wenyewe kwa maili nyingi, bila ujira wala sare, kwa nguvu ya kujuana. Mtu akihesabu posta ya kusini kwa idadi ya masanduku ya chuma yaliyosimama barabarani, ataona upungufu mtupu. Akiihesabu kwa barua zilizofika, itampasa awahesabu pia walimu, wachuuzi na madereva.

Kazi hii haikuwa nyepesi. Nchi ya kusini ilitengwa na mto Rufiji, na magari yalivushwa kwa pantoni huko Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Masika yalipokuwa makubwa, barabara ilifungika na barua zilikaa. Wakati huo huo vijana wa kusini walikuwa mbali na kwao, katika mashamba ya katani, katika bandari na katika karafuu za Unguja. Barua zao zilichukua hawala za fedha, habari za posa na za misiba, na mara nyingi mpokeaji alihitaji mtu wa kumsomea. Kwa hiyo ahadi ya siri ilikuwa na mpaka wake kijijini: barua ilifika imefungwa, kisha ikafunguliwa mbele ya msomaji wa kuazimwa. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyotiliwa mkazo tangu mwaka 1970, iligusa jambo hili hasa. Mama aliyejifunza kusoma aliweza kwa mara ya kwanza kuisoma barua ya mwanawe peke yake. Kwa mtu wa namna hiyo kujua kusoma kulikuwa ni kuwa na siri yake mwenyewe.

Nchi nyingi zilizotoka katika mamlaka ya Uingereza zilijiuliza zifanye nini na masanduku yaliyoachwa. Ireland, baada ya mwaka 1922, iliyapaka rangi ya kijani masanduku mekundu, ikaacha herufi za wafalme wa Uingereza zilizosubiwa katika chuma, na mengi yangali yakitumika. Kupro iliyapaka manjano. Hong Kong iliyapaka kijani baada ya mwaka 1997. Kote huko watu waliona kwamba chombo chenyewe si cha mfalme. Kinalotakiwa ni kubadili mwenye ahadi. Tanganyika ilifanya vivyo hivyo, ila kwake kilichorithiwa zaidi ni namba kuliko chuma. Posta ya pamoja ya Afrika ya Mashariki iliendelea baada ya Uhuru, ikawa shirika la Jumuiya mwaka 1967, na ilipovunjika Jumuiya mwaka 1977 nchi ikaunda Shirika lake la Posta na Simu. Tangu mwaka 1994 kazi za posta zimekuwa chini ya Shirika la Posta Tanzania. Wenye ahadi wamebadilika, na S.L.P. imebaki. Wasomi wote wa nchi hii waijua namba 35091 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wasikilizaji wa redio wa zamani hawajaisahau 9191, waliyoiandika juu ya kadi za salamu.

Leo mdomo wa sanduku hauli kama zamani. Simu ya mkononi imechukua salamu, na fedha hupita katika simu bila hawala. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapata namba na njia zikapata majina, nazo kata zina namba zake za posta zenye tarakimu tano. Shirika la Posta nalo limeanzisha sanduku la kidijitali, ambalo namba ya simu ya mtu huwa ndiyo namba ya sanduku lake. Arusha ndiko yaliko makao makuu ya Umoja wa Posta wa Afrika, ulioundwa mwaka 1980, na jengo lake jipya lilizinduliwa mwaka 2023. Bado barua za serikali, za mahakama, za benki na za vyuo hutaja S.L.P. katika kichwa cha karatasi, na ofisi isiyo na namba hiyo huonekana kana kwamba haijakamilika. Tena mvua haijaacha desturi yake. Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika upande wa Somanga wilayani Kilwa, na magari ya kusini yakakwama. Habari ilifika kwa simu kabla ya saa moja kupita, lakini kifurushi, dawa na cheti vilingojea kama vilivyongojea zamani.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo wanafunzi wa historia hawana budi kulikabili. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zajulikana kwa sababu Wareno waliziweka. Barua ya Machemba yajulikana kwa sababu Wajerumani waliiweka. Barua za Makunganya zilitajwa kwa sababu zilikamatwa. Barua nyingine za Kiswahili za karne ya 19 zimesalia kwa kuwa C. G. Büttner alizikusanya na kuzichapa Ujerumani mwaka 1892. Lakini maelfu ya barua zilizotiwa sandukuni katika karne ya 20, zikafika salama bila kusomwa na serikali, hazimo katika nyaraka yoyote. Posta iliyotimiza ahadi yake haikuacha nakala. Kwa kadiri watu wadogo walivyopata siri, ndivyo historia ilivyokosa maneno yao, na mtafiti asiyeangalia aweza kudhani kwamba walionyamaza katika nyaraka walikuwa hawaandiki.

Yako basi masanduku matatu katika habari hii, na la tatu halijatajwa bado. La kwanza ni kasha la kutilia barua, na la pili ni namba ya posta. La tatu ni sanduku la bati au la mti lililo chini ya kitanda, ambamo wazee wa pwani huweka hati ya nikaha, cheti cha kodi na barua walizopelekewa na watoto wao. Humo mna Kiswahili cha watu ambao hawakupata kuandika vitabu: namna walivyosalimiana, walivyoomba radhi, walivyokataa na walivyokubali, wengine kwa hati za Kiarabu na wengine kwa herufi za shule. Mchwa na unyevu wa bahari haviulizi thamani ya karatasi, na wenye barua hizo huzeeka. Mwanafunzi atokaye Kilwa au Lindi aweza kuanza nyumbani kwao, kwa kuomba ruhusa, kusoma mbele ya mwenyewe, kunakili anachoruhusiwa na kuacha anachokatazwa. Ruhusa ni sharti la kazi, maana barua hizo zilikabidhiwa posta kwa ahadi ya siri, na deni la ahadi hiyo halifutiki kwa kuwa mdeni sasa ni msomi.

Kazi hiyo ikifanywa kwa uaminifu, historia ya posta ya kusini haitahitaji kutegemea makabati ya Goa, Berlin na London peke yake. Itaanza pia katika vijiji vya njia ya Kilwa, Tingi ikiwamo, mahali ambapo barua ilishushwa kutoka katika lori, ikapita mkono wa mwalimu, ikafika kwa mwenyewe, ikasomwa, ikakunjwa, ikatiwa sandukuni.